Herufi Tano

Daftari limekaa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo
na kiatu kimoja cha mtoto ambaye hatukutajiwa jina.
Kurasa zimejaa risasi, ile ya penseli:
herufi, herufi, si Kigogo, si Kiswahili.

Babu Elia Chilongani, karani wa tiketi stesheni ya Dodoma,
aliyejifunza Kijerumani kwa kutukanwa nacho dirishani,
aliandika haya Kondoa, upande wa Waingereza,
mwaka ule masika yaligeuza barabara kuwa uji.

Usiku walinasa waya wa adui porini
(twiga walikwisha uangusha mara mbili),
asubuhi karatasi ikaletwa mezani, imelowa.
Maofisa wakasaka majina ya majenerali.
Babu alitazama neno la kwanza, kila siku lile lile:
herufi tano, ya pili na ya nne pacha.
Siku ya kumi halikuwepo.
Akachungulia nje.
Jua.

Mgogo hahitaji mwalimu wa neno hilo.
Huamka nalo, hulala nalo, huozesha binti kwa kulitegemea.
Mvua! Adui alikuwa anaripoti mvua!

Kwa hizo nne akaipata ya tano mpya, ya sita,
kama anayefumua mkeka kwa kuvuta chane moja,
hadi mkeka wote ukawa mapajani:
kilima kipi, saa ngapi,
wapagazi mia mbili na makreti, korongo la kusini.

Mizinga ikageuzwa shingo.
Mji uliolala ukaamka salama, nami silidharau hilo:
wanawake wa Kirangi, wapishi, mbuzi, watoto wa kunyonya.

Ila hakuna herufi iliyosema wapagazi ni akina nani.
Lechipya, mdogo wake, aliyekamatwa Bahi akichota maji,
alikuwa wa arobaini na moja mstarini, kreti kichwani.
Risasi ya kwanza ilitoka kwenye penseli.

Nishani alivishwa kapteni. Babu alipewa blanketi.

Mama anasema mzee hakuwa mkali.
Lakini mvua ya kwanza ikigonga paa la tembe,
watu wakitoka na ndoo na vigelegele,
yeye aliingia ndani, akahesabu vidole vya mkono mmoja,
moja, mbili, tatu, nne, tano,
kisha akarudi kwenye cha pili,
akakishika.