Pimamaji

Usianze na spana, Kenga. Anza na sikio.
Zima redio. Mwambie yule wa kuchomea vyuma
apumzike, anywe maji.
Lala ubavu juu ya gunia, usikilize.
Ssss. Hapo. Umeisikia?
Si nyoka. Ni shilingi za Bwana Mwakireti zinatoroka.

Lakini usiingie chini bado.
Magogo kwanza, manne, yale ya mvule.
Mifuko hii imejaa upepo, na upepo si nguzo.
Aliyenifundisha kazi alisahau siku moja tu,
mkono wake wa kulia ukastaafu kabla yake.

Wamefika jana hapa Muyeye wakitokea Marafa,
nyumba yao ya magurudumu imeinama nyuma kushoto
kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka.
Mzee alikuwa mpima ardhi, miaka thelathini na minne,
kasawazisha viwanja vya watu kutoka Voi hadi Hola,
na sasa anaweka pimamaji juu ya meza yake mwenyewe
kiputo kinakimbilia dirishani.
"Ni ardhi yenu," akasema. "Malindi yote imelala upande."
Nikalisogeza gari kwenye sakafu ya zege.
Likainama vilevile.
Hakuniomba radhi, wala sikungoja.

Mama Wakesho ndiye aliyetoa maelezo ya kufaa.
Yai halikai mezani.
Maharage yanaiva upande mmoja wa sufuria.
Asubuhi ndiyo mbaya zaidi; injini ikiwaka
gari lainuka, lakini halifiki.
Andika hayo, Kenga. Linaloinuka mchana
na kuanguka usiku lina tundu dogo, si kubwa.
Na lisilofika lina jambo jingine.
Kisha akapunguza sauti: kitanda nacho kinateremka,
usiku anaviringika mpaka ubavuni mwa mume,
"na sisi hatujasemezana tangu Garsen."
Hilo usiliandike.

Leta tepu. Kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi:
kulia arubaini na sita, kushoto thelathini na tisa.
Leta sabuni ya kipande na brashi ya rangi.
Paka mfuko. Kimya.
(Nawe ulishaanza kutafuta namba ya muuzaji Mombasa,
nilikuona.)
Paka mpira. Kimya.
Paka kiungo cha shaba pale juu,
palipoliwa na chumvi ya Gongoni:
povu linachanua, linapasuka, linachanua.
Kiungo hicho ni shilingi mia mbili.
Mfuko ungekula elfu arubaini.

Usishangilie. Uongo huwa na ndugu.
Tazama kijiti hiki, kirefu kama kalamu,
kazi yake kuiambia vali nyumba imefika kimo gani.
Kimepinda kwenye mawe ya Marafa. Kinasema "tumefika"
nasi tuko sentimita saba chini.
Vali si mjinga. Inaamini inachoambiwa.

Fungulia na tangi:
maji ya kutu, rangi ya ukwaju, kikombe na nusu.

Hayo yalikuwa juzi.
Saa kumi jioni kiputo kilikaa katikati, kikatulia.
Mzee akakitazama muda mrefu kuliko kinavyostahili.
Mama Wakesho akaweka yai mezani. Likakaa.
Akaliondoa mwenyewe, akaingia ndani.

Leo alfajiri, kabla hujafika, mzee kaja kwa miguu.
Kasimama karibu na kompresa.
Kaulizia bei ya nazi. Kaulizia mvua.
Kisha, macho kwenye ndara zake:
"Fundi, kile kijiti. Chaweza kurudishwa kidogo?
Si saba. Tuseme mbili."

Nimemwambia alete gari saa nne.
Spana utashika wewe.
Na Mama Wakesho akikuuliza,
mwambie ni ardhi.