Mkazo

Katika neno, mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho,
na hapo hubaki, hata neno likichakaa vinywani.
Katika chuma sivyo.

Brno, chini ya ardhi, mtambo namba saba:
bolti moja ya aloi, nene kama kidole gumba,
imekazwa, imefungiwa kwenye tanuri la nyuzi mia tano na ishirini
tangu mwaka ule Bohdana aling'oka meno ya utoto.
Haijarefuka hata kwa unene wa unywele.
Hairuhusiwi.
Lakini inaachia, polepole,
kama mtu aliyeshikilia mlango kwa adabu
huku mkono ukimfa ganzi.

Otakar ndiye aliyeliwasha. Daftari lina mwandiko wake:
saa elfu moja, saa elfu kumi, doa la kahawa,
kisha mwandiko unatetemeka,
kisha ni wa mtu mwingine.

Ghorofani wana haraka.
Wanapandisha moto hadi mia sita na hamsini,
wanauza joto wanunue miaka:
wiki sita za tanuri, wanasema, ni miaka thelathini ya kituo cha umeme.
Nukta tano kwenye karatasi, rula,
na mstari unanyooka kwenda mahali ambapo hajafika mtu.
Wahenga walisema haraka haina baraka;
hawakuwa na mteja anayetaka cheti Ijumaa.

Juzi Bohdana alishuka na tochi kusoma kipimo.
Mstari wa ghorofani ulitabiri mia moja na kumi na nne.
Kipimo: themanini na tisa.
Akakigonga kioo kwa ukucha.
Themanini na tisa.

Kwenye hadubini, baadaye, chembe za kabidi
zimenenepa mipakani mwa punje,
zimepangana kama chawa kwenye mshono wa shati.
Moto mkali ulizipita njiani bila kuziona.
Kuna mambo huwatokea wenye nafasi tu.

Akampigia Kvido kule kituoni.
"Bolti za kifuniko, zikazeni upya kabla ya baridi."
"Lakini hesabu yenu ilisema..."
"Najua ilivyosema. Niliichora mimi."

Leo ameingiza bolti mpya, mtambo namba kumi na tisa.
Ameandika tarehe, joto, mkazo wa kwanza,
na jina lake kwa herufi za kusomeka.
Atakayeifungua labda yuko chekechea, mtaa wa pili,
analia, hataki kuvaa glavu.