Daftari la Mipira Iliyopotea

Goti langu lilipofungwa bandeji, kocha Shekalaghe
hakunirudisha bwenini. Alinipa daftari la mraba
na penseli iliyotafunwa kichwa:
"Kaa kwenye tofali lile. Kila tukipokonywa mpira, chora kijiti.
Vikifika vitano, kata mshazari. Na usishangilie."

Fainali ya vyuo, uwanja wa Pongwe,
Ualimu na Kilimo, mabinti ishirini na wawili,
na mimi wa ishirini na tatu, ninayehesabu.

Dakika ya nne, Zuwena anapiga chenga ya tatu
wakati mbili zilitosha. Kijiti.
Ya tisa, Nasemba anampasia dada wa Kilimo
kwa adabu, kama anayempitishia chumvi. Kijiti.
Ya kumi na saba, dimbwi linaushika mpira.
Dimbwi nalo nilihesabie? Nikachora, nikafuta,
nikachora tena.

Refa alikuwa Bwana Kihiyo. Siku za kazi
hupima mizigo machimboni, kwenye chokaa.
Alikuja kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo,
na asubuhi ile mistari yote aliichora kwa mkono wake.
Saa nane mvua ikaja ikainywa.

Dakika ya thelathini na moja mpira ulitoka.
Ulimgonga Zuwena gotini, niliona,
siku hizo nilikuwa mtaalamu wa magoti.
Kihiyo akanyosha mkono upande wetu.
Tukarusha, tukamwaga krosi, tukafunga,
na Bwana Kihiyo akawa mtoto wa watu,
mwenye haki, mwenye macho ya kipanga.
Hilo hakuna aliyeniambia nilichore.

Mapumziko, machungwa ya Muheza.
Kocha akainama juu ya ukurasa:
sisi kumi na mmoja, wao saba.
Akatema kokwa moja. Hakusema.

Kilimo wakasawazisha, sikumbuki vipi,
nilikuwa nachonga penseli kwa meno.

Halafu ya themanini na nane.
Nasemba anapokea katikati, mgongo kwa adui,
hageuki, haulizi, anangoja kama mwenye shamba.
Kijiti cha kumi na tisa.
Pasi moja, ya pili, ya tatu,
Hozza anateleza, anamkata mtu miguu.
Ndani au nje?
Pale palipokuwa na mstari palibaki madoa matatu
na uvumi.

Filimbi. Tuta.
Nukta yenyewe haikuwepo. Kihiyo alihesabu
hatua kumi na mbili kutoka golini, polepole,
kama mtu anayepima kiwanja cha marehemu
mbele ya warithi.
Mkunde akaruka kushoto. Mpira ukaenda kulia.

Tanga, waja leo, waondoka leo.
Hawa waliondoka na kombe.
Wakasema Kihiyo kala. Wakasema gunia la mahindi,
wakalitaja hadi rangi ya uzi lilioshonewa.
Mmoja wetu, ninamjua, alichomoa vali ya baiskeli yake,
nami nikamwona mzee akiikokota barabarani,
hageuki nyuma, kibanio bado kwenye suruali.

Kabla ya lori kuwashwa nilichechemea mpaka pale.
Tope lilikuwa na umbo la nyonga ya Hozza.
Nikachomeka kidole.
Kilitoka cheupe.
Lakini chokaa huenea, mvua huihamisha;
cheupe si ushahidi, nilijiambia,
nikakifutia kwenye ukurasa.

Ndani ya lori Nasemba ndiye aliyepiga kelele kuliko wote:
"Refa katuua! Katuua mchana kweupe!"
Kisha akanisogelea, jasho na tope,
"Wewe, umeandika nini humo?"

Nikalikalia daftari.

Kocha hakuliuliza Jumatatu, wala siku nyingine.
Ninalo bado: vijiti kumi na tisa,
kimoja cha dimbwi, ambacho hata leo sina hakika nacho,
na pembeni, alama ya kidole
isiyo na safu.