Shaba Chini ya Utepe

Barka, kabla jua halijachomoza upande wa Sib,
nazima swichi kubwa ya ukutani, nachomoa plagi,
ndipo nafungua kifuniko cha mashine.
Mchanga. Kila Alhamisi mchanga,
laini kama unga wa mtama, umelala juu ya feni,
umejikunyata kwenye koili kana kwamba umepanga chumba.
Naupuliza kwa hewa kavu, polepole.
Shemdoe hunicheka: "Unamwogesha mtoto?"
Namwogesha. Asipooga atashikwa homa saa sita,
na homa yake hunuka vanishi inayoungua.

Mwezi wa saba hapa jasho halikauki, linahama:
shingoni, kiganjani, ndani ya glavu.
Na umeme hupenda chumvi.
Kwa hiyo glavu jozi tatu, zinapokezana kambani,
chini ya magoti ubao mkavu,
na kibano cha ardhi king'ate chuma kitupu,
si rangi, si kutu.

Leo, nikiipapasa kebo kama mganga anayetafuta jipu,
kidole kimekutana na utepe mweusi, karibu na mshikio.
Utepe mpya. Hakuna aliyesema kitu.
Nimeubandua: shaba, nyuzi tisa au kumi
zimechomoza, zinameta kama meno ya dhahabu
kwa mtu anayecheka vibaya.

"Nani?"
Shemdoe anaangalia viatu vyake.
Geti la Bi Zuwena lilitakiwa jana.

Sikumkemea. Na mimi ninalo langu:
Sohar, ujanani, niliinua barakoa
"kidogo tu", nione kama mshono umekaa.
Saa nane za usiku macho yakajaa vioo vilivyosagwa,
nikalia kilio cha mfiwa asiye na msiba.

Tumekikata kipande kibovu. Mshikio mpya
utaletwa kesho kutoka Ruwi.

Bi Zuwena kafika na gari lake la majani ya mifugo,
na Kiswahili chake cha Ng'ambo, cha zamani:
"Lango langu je?"
Nikamwonyesha ile shaba.
Aliitazama muda mrefu.
"Basi na lingoje. Mbuzi wenyewe washazoea kutoka.
Na huyu kijana, ana mama?"
"Anaye."
Akapanda garini, hakuongeza neno.

Shemdoe akachukua brashi ya waya
akaanza kusugua kibano, kwa nguvu,
pahali palipokuwa pasafi tayari.