Nililifuta kwa Wembe

Nililifuta mimi, Hoza wa ofisi ya ardhi,
kwa wembe wa kunyolea, asubuhi moja ya Jumanne,
nikikwangua buluu kidogo kidogo
hadi karatasi ikaota manyoya
kama kidevu cha mtu aliyenyolewa kavu.
Halafu nikapuliza.
Bwawa la Shimoni likaruka mezani,
likaangukia suruali yangu, nikalikung'uta.

Mwanzo lilikuwa shimo tu.
Reli ilitaka mawe, wakachimba mawe;
mawe yakaenda na reli, shimo likabaki Tanga.
Vuli mbili, tatu, likajaa.
Wakata mkonge waliorudi Jumamosi
walichovya humo mikono iliyowashwa na utomvu,
wakasema yanapoza kuliko dawa ya kambi.
Wafuaji wa Barabara ya Kumi na Nane
walianika kanzu juu ya michongoma,
na sisi watoto wa Mabawa tulivua kambale
kwa mkate uliolowa chai,
tukarudi tunanuka tope, tukachapwa, tukarudi tena.

Sikumbuki nani alitupa taka ya kwanza.
Labda kifuu cha nazi. Labda mimi.
Baadaye ikaja betri, likaja godoro,
yakaja magugumaji na maua yake ya zambarau
ambayo mgeni mmoja aliyapiga picha.
Watu wakaacha kusema "bwawani", wakasema "kule".
Ndipo bosi akaniletea karatasi:
viwanja ishirini na viwili. Kule.
"Si maji tena yale, Hoza. Ni uchafu uliolowa."

Kiwanja nambari kumi na nne alikinunua Mwanjaa Semboja,
muuza vitumbua, pesa ya miaka tisa,
noti zinanuka mafuta na iliki.
Nilimwandikia stakabadhi kwa mwandiko wangu mzuri.

Masika ya kwanza maji yalimfika kifundoni.
Masika ya pili, gotini.
Ya tatu alipandisha kitanda juu ya matofali,
akaja ofisini kwangu, viatu mkononi:
"Kaka, vyura uvunguni wanakesha
na kodi hawalipi. Hebu nitazamie kwenye ramani,
nani alikuwa akiishi pale kabla yangu?"
Nikafungua ramani.
Nikafunga.
Nikamwambia mfereji utakuja.

Haukuja mfereji. Baada ya miaka kumi na sita
lilikuja katapila.
Likatoa godoro, betri, gurudumu la toroli ya mkonge,
sufuria, mlango wenye namba, pikipiki nzima,
na udongo mweusi ulionuka hadi Chumbageni.
Wakapanda matete, wakaweka benchi.
Diwani akakata utepe, akamwaga vifaranga vya perege
ndoo mbili; yangeyange wakala nusu
mbele ya wageni waalikwa.

Mimi mstaafu nikaitwa, maana aliyebaki
anayejua ukingo ulipita wapi
ni yule aliyeukwangua.
Nikachora. Mkono siku hizi unatetemeka,
basi kwenye ramani mpya bwawa lina mawimbi
hata siku ya shwari.

Mwanjaa walimpa kiwanja Pongwe, kikavu,
na fidia iliyotosha mlango na madirisha mawili.
Mwezi uliopita nimemkuta kwenye benchi,
ndoo ya vitumbua magotini.
Hakunisalimu. Alinyoosha kidole
pale mdiria alipozama, akaibuka na kitu kinachometa.
"Pale," akasema, "jikoni kwangu."

Akanipa kitumbua. Nikatoa noti.
Akaitazama muda mrefu, mbele na nyuma,
akaitia pembeni mwa kanga, akafunga fundo,
na chenji hakunirudishia.