Posa ya Pongwe

Wa kwanza nilimnunua Kange, stendi ya mabasi,
ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu.
Muuzaji alijiita Shebe,
simu moja sikioni, ya pili inaita mfukoni.
"Mbegu ya Kijerumani hii, dada. Miezi mitatu."
Nikamfungua mdomo: meno punje za mchele,
ufizi mweupe kama karatasi,
tumbo ngoma, miguu njiti.
Mama yake? "Yuko Muheza."
Baba? "Naye Muheza."
Kadi ya chanjo ilikuwa ya kudurufu,
jina la mbwa limefutwa kwa wino mweupe
na juu yake limeandikwa jingine.

Laki mbili ikashuka, ikawa sabini,
hata mkoba sijaufungua.
Bei inayokimbia hivyo kuna kinachoifukuza,
nilijua. Naapa nilijua.
Lakini alinilamba kidole,
nami nikajiita mwenye huruma.

Siku ya nne alihara damu.
Siku ya tano nikamzika nyuma ya banda la kuku.
Shebe hapatikani.
Jirani yangu Mwanamkasi, aliyeapa tangu mwanzo
mbwa hakanyagi kibaraza chake,
ndiye aliyeniletea jembe,
akasimama mbali, ncha ya kanga puani,
hadi nikamaliza kufukia.
"Najisi ni najisi," akasema,
"lakini dhuluma nayo ni dhuluma."

Ndipo nikaenda Pongwe kwa Eluminata Kihiyo,
zamani karani wa mizani kiwanda cha chokaa.
Hana bango. Hana simu ya pili.
Nilidhani nakwenda kununua,
kumbe nimekwenda kuposa.

"Mchana nani yupo nyumbani?"
"Ukuta unakufika wapi? Kifuani? Kichwani?"
"Utamfunga mnyororo?"
Usiku, nikasema.
"Basi mwizi aombwe aje mchana?"
"Jirani anasemaje?"
Siku tulipopeleka mahari ya kaka yangu Lushoto
wajomba wa binti hawakutuhoji hivi,
na chai walitupa.

Kisha akanipeleka uani kwa mama mtu.
Tausi, jike la manjano, sikio moja limechanika,
akaninusa vidole bila haraka,
akarudi kujilaza; sita wakamvamia chuchu.
"Uzao wa pili huu. Mwakani anapumzika,
apende mtu asipende."

Akaleta daftari la kaunta.
Uzito wa kila mmoja, Jumatatu hadi Jumatatu,
tarehe za dawa ya minyoo,
namba ya daktari. Nikapiga palepale, akaitika,
akamtaja Tausi kwa jina.
Walizaliwa wanane.
Mistari miwili ilikuwa ya wino mwekundu:
*Siku ya pili, kalaliwa na mama.*
*Siku ya kumi na moja, sijui sababu.*

Sijui sababu.
Nikausoma tena mstari ule.
Shebe hakuwa na jambo asilolijua.

Nikatoa pesa. Hakuzitazama.
"Wa kwanza alikufa na nini?"
Nilikuwa sijamwambia kuna wa kwanza.
Labda ni jinsi nilivyotazama ufizi wa hawa.
Nikaeleza. Akafunga daftari.
"Ugonjwa ule hukaa udongoni.
Ua wako bado unaumwa, mama.
Osha sakafu kwa jiki, bakuli lake litupe,
chimba juu ya kaburi umwage chokaa.
Hawa wana kwao tayari.
Tausi akizaa tena nitakuita."

Tena! Na mwakani anapumzika.
Nikarudi mjini, mkoba mzito vilevile,
na mfuko wa chokaa aliokataa kunilipisha.

Jioni nasugua sakafu, Mwanamkasi akachungulia ukutani.
"Mbwa yuko wapi?"
"Posa imekataliwa."
Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.
Akaiokota, akaikung'uta,
akatazama huku na huku kama mwenye deni.
"Huyo mama wa Pongwe," akanong'ona,
"hafugi na paka?"