Kukaa

Usiniulize kiti kiligharimu kiasi gani.
Niulize nilivyotembea Januari ile,
miguu imepanuka kama bikari,
nikishuka ngazi za Walkley upande upande,
na mwenzangu wa zamu, Sithembile,
akitazama, akikohoa, akigeukia dirishani.

Sikupata neno la heshima la mahali pale.
Nilimpigia dada yangu Mishi, Kisauni,
nikasema nyonga, nikasema mgongo wa chini,
nikasema ni baridi ya huku,
hadi akachoka: "Kwani ni matako?"
Ndiyo, Mishi. Ni hayo.

Nyumba tisa kwa siku, na Sheffield yote ni mlima.
Aliyeupanga mji huu alikuwa na kinyongo na magoti.
Kiti kilichokuja na baiskeli kilikuwa chembamba,
nikakilaani, nikanunua kinono cha pauni kumi na nane,
kimejaa ute ndani, kinabonyea kama andazi.
Siku mbili, raha.
Ya tatu nikawaelewa waliotaja kitanda na kunguni wake.
Ule ulaini ulipanda pasipohitajika,
ukafinya, ukachubua, ukawasha kama upupu,
na mvua ikamalizia.

Bwana Ollerenshaw ana miaka tisini na mmoja.
Alinoa visu maisha yake yote,
sasa hana nyama ya kumkinga na shuka.
Namgeuza kila nifikapo: asubuhi kushoto, adhuhuri kulia.
Natazama nyonga. Nabonyeza wekundu kwa kidole,
nasubiri damu irudi.
Kisha mimi, mlinzi wa ngozi za watu,
naandika ripoti nimesimama.

"Keti, binti."
Nikamwambia nimezoea kusimama.
"Na mimi nilizoea kulala," akasema,
"na ona."

Ndiye aliyenielekeza kwa Maureen,
chini ya matao ya reli, nyuma ya muuza mazulia.
Maureen hakuuliza panauma wapi.
Aliweka kipande cha boksi juu ya stuli,
akasema kalia, inama mbele, hesabu hadi thelathini.
Nilipoinuka palikuwa na vishimo viwili,
kama vidole gumba kwenye unga uliokandwa.
Mifupa yangu. Hatukuwahi kuonana.
Aibu ilinishika, kisha nikainama nitazame vizuri,
kama mama aoneshwaye picha ya mtoto aliye tumboni.

Akapima kwa rula, akaandika ukutani kwa chaki.
"Mfupa ndio mbebaji, nyama ni abiria," alisema.
"Wewe umempa abiria usukani."

Alinipa kiti kigumu. Cheusi, kipana nyuma,
kina mfereji katikati, kimekwaruzwa ubavuni.
Nilikidharau. Akakishusha pua kidogo kwa spana,
kidogo sana, unene wa ukucha,
akaniambia nizunguke mtaa nirudi.
Nikazunguka. Akashusha tena.
Mara ya nne hakushika spana, alinywa chai yake.

Sisemi maumivu yaliisha.
Wiki ya kwanza yalihama tu, yakawa ya kazi,
si ya ugomvi. Lakini siku moja, kwenye mteremko wa Crookes,
niligundua nilikuwa nawaza bei ya vitunguu.
Nilikuwa nimesahau kwamba nimekaa.

Mishi aliuliza wiki hiyo: "Huko unakaa vizuri?"
Alimaanisha nyumba, karatasi, watu.
Lugha yetu haina haraka, kukaa ni kuketi,
kukaa ni kuishi, na nguo nayo ikikufaa imekukaa.
Miaka mitatu nilikuwa namdanganya.
"Naanza," nikasema. "Naanza kukaa."

Leo adhuhuri nimemgeuza Bwana Ollerenshaw upande wa kulia,
nikavuta kiti chake cha mbao karibu na kitanda,
nikakaa kitako, nikaandika saa, nikaandika jina,
halafu chini yake:
ngozi nzima, hakuna wekundu.